Njia mbili za mwaka 1957: mtoto kiziwi wa Kilo ashike ipi?

Kilo, teritware ya Djugu. Ndugu wasomaji, leo sina habari ya dhahabu wala ya barabara. Nina swali la mama mmoja aliyenisimamisha sokoni hapa Kilo, na ambalo siku ile sikuweza kulijibu.

Mtoto wake ana miaka minne na hasikii. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu alishikwa na homa kali. Akapona, lakini tangu hapo ukimwita jina hageuki. Ndugu wa mama huyo anayeishi Ulaya alimtumia video kwenye simu: mtoto mdogo anawekewa chombo nyuma ya sikio, chombo kinawashwa, anasikia sauti ya mama yake kwa mara ya kwanza, anacheka. Watu wote chumbani wanalia kwa furaha.

"Papa mwandishi," mama akaniuliza, "nikiuza parseli yangu, mtoto wangu naye atacheka hivyo?"

Nilirudi nyumbani na swali hilo. Nimesoma, nimeulizia, na nimeona kwamba watu wenye vyuo vikubwa wamelibishania kwa miaka mingi. Nimeona pia kwamba habari yake inatugusa sisi wa Kongo kuliko nilivyodhani, maana ilianza njia mbili katika mwaka mmoja, 1957. Moja ilianzia Paris, nyingine Accra.

Njia ya kwanza: waya ndani ya sikio

Tarehe 25 Februari 1957, mjini Paris, daktari wa masikio Charles Eyriès alimpasua mtu mzima aliyekuwa amepoteza kabisa usikivu. Alimwekea ndani ya kichwa kifaa kilichotengenezwa na mwenzake André Djourno, mtaalamu wa mambo ya umeme na mwili. Umeme mdogo ulipogusa neva ya kusikia, mgonjwa alisikia kitu. Hayakuwa maneno. Alisema ni kama mlio wa nyenje. Baada ya mazoezi aliweza kutambua maneno machache, lakini mazungumzo hakuyaelewa, na baada ya muda kifaa kikaharibika. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa.

Mwaka 1961 daktari William House wa Los Angeles aliendelea na kazi hiyo. Mwaka 1978, huko Melbourne, Australia, Profesa Graeme Clark aliweka kifaa chenye elektrodi nyingi, ambacho kiliweza kumsaidia mtu kuelewa maneno. Baba yake Clark alikuwa na shida ya kusikia, na mwana alikua akiiona taabu hiyo nyumbani.

Kifaa chenyewe kinafanyaje kazi? Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama konokono. Wataalamu wanakiita koklea. Humo mna vinyweleo vidogo sana vinavyogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa neva. Vikifa, havioti tena. Kifaa hiki kinavipita: maikrofoni nyuma ya sikio inashika sauti, mashine ndogo inaigeuza, sumaku inashikilia kisahani juu ya ngozi, na chini ya ngozi waya mwembamba unaingia katika koklea na kuigusa neva kwa umeme.

Jambo ambalo video ya simu haisemi ni kwamba kifaa hakirudishi sikio alilolitoa Mungu. Kinaleta sauti ya namna nyingine, ambayo ubongo lazima ujifunze kuielewa. Mtu mzima aliyewahi kusikia, kama wale wazee wetu walioharibikiwa masikio na kelele za mashine za kusaga mawe, anakumbuka maneno yalivyosikika. Mtoto aliyezaliwa kiziwi, au aliyeupata uziwi kabla ya kusema, hana kumbukumbu hiyo. Kwake kazi inaanza siku kifaa kinapowashwa, na inaendelea kwa miaka: kurudi hospitalini mashine irekebishwe, mazoezi ya kusikia na kusema, betri, nyaya. Wapo watoto wanaofika mbali sana, wanasoma na wenzao na kuzungumza kwa simu. Wapo pia wanaofaidika kidogo tu. Na hakuna daktari awezaye kuahidi kabla ya siku ile.

Njia ya pili: mikono inayosema

Katika mwaka huohuo wa 1957 mtu mmoja mweusi kutoka Marekani alishuka Accra, Ghana. Jina lake Andrew Foster. Alizaliwa Alabama mwaka 1925, na alipokuwa na miaka 11 homa ya uti wa mgongo, ile tunayoiita menenjite, ilimwondolea usikivu. Akiwa mweusi na kiziwi katika nchi ya ubaguzi, milango mingi ilimfungiwa. Lakini mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu katika Chuo cha Gallaudet, Washington, chuo cha viziwi. Mwaka 1956 akaanzisha misheni ya viziwi, na mwaka uliofuata akaja Afrika.

Foster hakuja na waya. Alikuja na mikono yake. Alifungua shule Accra, kisha Nigeria, kisha kwingine, hadi shule zaidi ya thelathini katika nchi 13, na nchi yetu ni mojawapo. Kwa walimu wa nchi zinazosema Kifaransa aliendesha mafunzo huko Ibadan, Nigeria, akiunganisha ishara alizozijua na maneno ya Kifaransa. Ndiyo maana lugha ya ishara inayotumika katika shule nyingi za viziwi za nchi zinazosema Kifaransa Afrika, Kongo ikiwamo, ina undugu na ile ya Marekani.

Na ile ya Marekani ilitoka wapi? Ilitoka Paris. Katika karne ya 18 padri mmoja, l'Épée, alifungua huko shule ya viziwi iliyotumia ishara. Mwaka 1816 mwalimu kiziwi wa shule hiyo, Laurent Clerc, alipanda meli kwenda Marekani, na mwaka 1817 akasaidia kufungua shule ya viziwi Hartford. Kutoka huko ishara zilifika Gallaudet, kutoka Gallaudet zikafika kwa Foster, na kutoka kwa Foster zikafika kwetu. Ni kama kitenge: kilitoka mbali, kikapita katika mikono mingi, na leo nani atasema si chetu?

Foster alikufa tarehe 3 Desemba 1987. Ndege ndogo aliyopanda kwenda Kenya ilianguka Rwanda, si mbali na mpaka wetu.

Kwa nini viziwi walikasirika

Sasa njia hizi mbili zilikutana vipi, na kwa nini kukawa na ugomvi?

Hapa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milano, Italia. Karibu wote walikuwa watu wanaosikia. Walipitisha azimio kwamba mtoto kiziwi afundishwe kusema kwa kinywa, na ishara ziondolewe shuleni. Baada ya hapo, katika nchi nyingi, walimu viziwi walipoteza kazi. Watoto walipigwa mikono, wengine wakaamriwa kuikalia. Wakatumia miaka yao ya shule kujifunza kutoa sauti ambazo hawakuzisikia, huku hesabu na masomo mengine yakiwapita.

Wazee wetu walioadhibiwa shuleni kwa kusema lugha ya nyumbani badala ya Kifaransa wataelewa. Tofauti ni kwamba mtoto yule wa Kilo jioni alirudi kwao akaisema lugha yake. Mtoto kiziwi hakuwa na lugha nyingine ya kurudia.

Kwa hiyo mwaka 1990, serikali ya Marekani iliporuhusu kifaa cha koklea kuwekwa kwa watoto wa kuanzia miaka miwili, viziwi wengi waliona Milano inarudi, safari hii kwa kisu cha daktari. Mwaka 1991 chama cha taifa cha viziwi wa Marekani kilipinga hadharani ruhusa hiyo. Ufaransa nako viziwi waliandamana katika miaka ile. Walisema hivi: mtu mzima ana haki ya kujichagulia, lakini mtoto anachaguliwa. Na anayemchagulia mara nyingi ni mzazi anayesikia ambaye hajawahi kukutana na kiziwi aliyesoma, aliyeoa, anayefanya kazi. Kwa kweli watoto viziwi zaidi ya tisa kati ya kumi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Mtu wa kwanza kuwaeleza uziwi ni nini ni daktari, na daktari anauona kama ugonjwa.

Wazazi nao walijibu: mtoto ni wetu, tunataka atusikie tukimwita, tunataka bibi yake aweze kuzungumza naye. Madaktari waliongeza kwamba kungoja mtoto akue ajichagulie ni kumchagulia tayari, maana ubongo unajifunza sauti vizuri katika miaka ya kwanza. Samaki mkunje angali mbichi.

Ndugu msomaji, mimi naona pande zote mbili zilisema kweli. Hilo ndilo lililofanya ugomvi uwe mrefu.

Polepole ukapoa. Desemba 1994 kamati ya taifa ya maadili ya Ufaransa ilitoa shauri kuhusu watoto wanaowekewa kifaa: kwa kuwa matokeo hayana hakika, mtoto afundishwe lugha ya ishara pamoja na kifaa, asije akabaki bila lugha yoyote. Mwaka 2000 chama cha viziwi wa Marekani kilibadili msimamo wake. Kilikubali kifaa kuwa chaguo mojawapo, huku kikisisitiza kwamba hakimfanyi mtu aache kuwa kiziwi. Na mwaka 2010, huko Vancouver, Kanada, mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi ulikataa rasmi maazimio ya Milano, miaka 130 baadaye.

Majirani zetu wamefika wapi

Upande wa mashariki wetu njia zote mbili zinaonekana. Tanzania ilipata shule ya viziwi Tabora mwaka 1963. Kwa upande wa kifaa, kwa muda mrefu serikali ya huko iliwapeleka watoto India. Tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, inafanya upasuaji huo yenyewe.

Kenya ilianza na shule zilizotaka watoto waseme kwa kinywa, na ilikuwa katika miaka ya 1980 ambapo ishara zilianza kukubaliwa madarasani. Leo Katiba yake ya mwaka 2010 inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 nayo inaitaka serikali ikuze lugha ya ishara.

Na Kongo? Mwaka 2015 nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Kifungu cha 24 cha mkataba huo kinazitaka serikali kurahisisha kujifunza lugha ya ishara na kuwaweka walimu wanaoijua. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria ya kulinda na kukuza haki za watu wenye ulemavu. Kwenye karatasi tuko vizuri. Lakini karatasi hiyo haijafika kwa mama wa sokoni.

Hapa kwetu Kilo

Tuseme ukweli kuhusu hali yetu. Ulaya na Marekani kifaa kimoja pamoja na upasuaji wake ni makumi ya maelfu ya dola. Ni wachimbaji wangapi hapa wameshika makuta hayo? Na tuseme yupo mfadhili, akalipa vyote. Mtoto akirudi Kilo, nani atamrekebishia mashine? Nani atafanya naye mazoezi ya kusema kila wiki? Betri itachajiwa wapi siku ambazo hakuna jua la kutosha kwa paneli? Waya ukikatika, utaagizwa wapi? Kifaa kilichozimika kinamrudisha mtoto kwenye kimya kilekile, na kama tulimnyima ishara tukingoja kifaa, anakuwa na kimya mara mbili.

Kuna jambo lingine. Uziwi wa mtoto wa mama huyu ulikuja baada ya homa kali. Kama ilikuwa menenjite, ajue kwamba baada ya ugonjwa huo koklea inaweza kuanza kujaa mfupa, wakati mwingine ndani ya miezi michache, na waya haupiti vizuri. Ndiyo sababu madaktari wa nchi za mbali huharakisha. Miaka miwili na nusu imeshapita. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mmoja kati ya watano wanaopona menenjite hubaki na madhara ya kudumu, uziwi ukiwamo. Mwaka 2021 ugonjwa huo ulipiga Banalia, katika jimbo jirani la Tshopo. Basi kabla ya kuulizia kifaa, tuulizie chanjo. Kadi ya chanjo ya menenjite na ya surua inalinda masikio mengi kuliko upasuaji wowote.

Halafu kuna vita. Sisi wa Djugu tunajua tangu Desemba 2017 maana ya kukimbia usiku. Kinachotuamsha ni mlio wa risasi na kelele za majirani. Mtoto kiziwi haamki. Asipokuwa na mtu wa kumshika mkono, anaachwa. Akikua, kwenye barieri mwenye silaha anasema "Simama!" naye anaendelea kutembea. Kwa mtu kama huyo lugha si jambo la shule tu. Ndiyo inayomwezesha mama kumweleza mapema, kwa mikono: tukikimbia, fuata mimi, ukiona mwenye bunduki, simama, gusa sikio lako, tikisa kichwa. Mtoto asiye na lugha huwezi kumweleza hatari ya kesho. Unaweza kumvuta tu.

Wazazi wengine huniambia, "Tukimfundisha ishara, hatasema kamwe." Ninawajibu kwa mfano wa hapahapa. Mtoto wa Kilo anasikia Kinyali kwa bibi, Kilendu kwa jirani, Kiswahili sokoni, Lingala kwa askari, kisha Kifaransa shuleni. Nani amewahi kusema Kilendu kitamzuia kujua Kiswahili? Lugha ya kwanza ndiyo ngazi ya kupandia ya pili. Anayekosa ya kwanza ndiye anayekwama.

Na tuache kumwita mtoto kiziwi "bubu". Hajakosa la kusema. Amekosa wa kusema naye.

Jibu langu kwa mama

Mama, umeniuliza kama uuze parseli. Jibu langu ni hili: usiiuze kwanza. Parseli ikiisha na kifaa kikizima, utabaki na mtoto kiziwi asiye na pa kulala.

Mpeleke kwanza Bunia apimwe masikio. Inawezekana bado anasikia kidogo, na kama ni hivyo mashine ndogo ya kawaida, ile isiyohitaji kisu, inaweza kumsaidia. Muulize daktari maswali yote, hata lile unaloliogopa.

Lakini usingoje jibu la daktari ndipo uanze kuzungumza na mwanao. Anza leo jioni. Chakula kina ishara yake, maji yana yake, mama ana yake. Zile za nyumbani zinatosha kuanzia. Kisha watafute viziwi watu wazima. Wapo Bunia, utawaona wakizungumza kwa mikono, na wengi wanafurahi kumwona mzazi anayetaka kujifunza. Wao ndio wenye lugha. Mtoto akae nao, aone kwamba kuna watu wazima kama yeye.

Na kama siku moja atatokea wa kukulipia kifaa, na madaktari wakasema inawezekana, pokea, shukuru. Ila usiiachilie mikono. Ugomvi wa miaka mingi huko ng'ambo umewafundisha hivyo, nao waliulipia kwa watoto wao. Sisi tunaweza kulipata somo hilo bure.

Jambo la mwisho. Viziwi wana desturi ya kupeana majina ya ishara: alama ya shavuni, namna ya kucheka, kovu la mkono. Mwanao ana jina zuri ulilompa siku ya kuzaliwa, lakini kwa miaka miwili na nusu hajalisikia. Hajui kwamba anaitwa. Waombe viziwi wa Bunia wampe jina analoweza kuliona.

Tarehe 3 Desemba kila mwaka dunia inaadhimisha siku ya watu wenye ulemavu. Ni tarehe ileile aliyokufa Foster, kiziwi wa menenjite kama pengine alivyo mtoto wako. Siku hiyo, kama njia ni salama, nitakuja kwako. Sitakuuliza kama mtoto anasikia. Nitamwita kwa jina lake la mikono, nione kama atageuka.

Ni mimi mwandishi wenu, Kilo.